Kukomaza tangi jipya kabla ya kuweka samaki wa Ziwa Tanganyika

Samaki wengi wanaokufa katika tangi jipya hawafi kwa ugonjwa. Wanauawa na sumu wanayoitoa wenyewe. Samaki hutoa amonia mchana na usiku, sehemu kubwa kupitia mashavu yake, na chakula kinachobaki chini kikioza huongeza amonia nyingine. Ziwani kuna maji mengi na kuna bakteria wa kuila. Tangi ulilolijaza leo lina kioo, mchanga na maji tu, hata kama yanang'aa kiasi cha kumtamanisha mtu ayanywe.

Kulikomaza tangi maana yake ni kuwalea bakteria hao kwanza. Unaweka amonia kwa mkono wako, unapima, unangoja, na samaki hawaingii mpaka bakteria wawe wengi wa kutosha kuila yote ndani ya siku moja. Kazi hii kwa kawaida huchukua wiki 4 hadi 6. Hatua ni zile zile kwa gapi, samaki wa dhahabu au siklidi (jamii kubwa ya samaki wa maji yasiyo ya chumvi), ila mwongozo huu nimeuandika hasa kwa wanaotaka kufuga siklidi wa Ziwa Tanganyika: Tropheus, Julidochromis, Cyprichromis na wale wadogo wanaoishi ndani ya makombe ya konokono. Samaki hawa ni wa kwetu, wanasafirishwa kutoka Kigoma hadi Ulaya na Marekani, na inaniuma kuona wanakufa kwenye sebule za Dar es Salaam kwa sababu mwenye tangi hakuambiwa asubiri.

Kwao kusubiri ni lazima kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni pH, yaani kipimo cha uasidi au ualkali wa maji, ambapo 7 ni katikati. Amonia majini huwa katika hali mbili, moja isiyo na madhara makubwa na nyingine yenye sumu kali, na pH ndiyo inayoamua ipi iwe nyingi. Kwenye maji ya nyuzi 25 yenye pH 7, sehemu yenye sumu haifiki hata asilimia 1 ya amonia yote. Kwenye pH 8 inafika asilimia 5 hivi. Kwenye pH 8.5 ni asilimia 15, na kwenye pH 9 inapita theluthi moja. Maji ya Ziwa Tanganyika yana pH inayokaribia 9. Kwa hiyo kiasi kile kile cha amonia ambacho samaki wa maji laini, yaani yenye madini machache, angekivumilia kwa siku kadhaa, Tropheus hakivumilii.

Ya pili ni tabia yao. Ushauri wa zamani ulisema uanze na samaki wawili watatu wagumu, wateseke kidogo huku bakteria wakikua, kisha uongeze wengine polepole. Mimi siukubali ushauri huo kwa samaki yeyote, lakini kwa Tropheus haufanyi kazi kabisa. Hawa ni samaki wa kundi na ni wagomvi. Ukiweka wachache, mkubwa atawaandama wengine mpaka wafe, na ukiongeza wapya baadaye watapokewa kwa vita. Wanatakiwa waingie 15 au 20 siku moja, na tangi linatakiwa kuwa tayari kubeba kundi zima siku hiyo hiyo.

Kinachotokea ndani ya maji

Kundi la kwanza la vijidudu hula amonia na kutoa nitriti. Nitriti nayo ni sumu, huzuia damu ya samaki isibebe oksijeni, na ndiyo maana samaki huonekana akihema juu juu ingawa pampu ya hewa inafanya kazi. Kundi la pili hula nitriti na kutoa nitrati. Nitrati haina ukali huo. Unaipunguza kwa kubadilisha maji.

Mwanasayansi Sergei Winogradsky alikwisha kueleza bakteria wa aina hii mnamo 1890, lakini wafugaji wa samaki walichelewa kujua ni wapi hasa wanaofanya kazi kwenye matangi yao. Kwa miaka mingi hatua ya pili ilidhaniwa kuwa ya Nitrobacter. Mwaka 1998 Timothy Hovanec na wenzake walionyesha kuwa kwenye matangi ya maji baridi (yasiyo ya chumvi) wanaohusika ni Nitrospira. Nalitaja hili kwa sababu ya pesa yako: ukinunua chupa ya bakteria dukani, soma lebo, na kama hakuna Nitrospira, irudishe rafuni.

Hawa bakteria hawaelei ovyo majini. Wanashikamana na vitu: sponji ya filta, mchanga, mawe, hata kioo. Wanakua taratibu sana ukilinganisha na bakteria wa kawaida, wanapenda joto la nyuzi 25 hadi 30, na wanahitaji oksijeni kwa wingi.

Hatua ya kwanza: andaa tangi na maji

Kundi la Tropheus linahitaji tangi lisilopungua sentimita 120 kwa urefu. La sentimita 120 kwa 50 kwa 50 hutajwa kuwa la lita 300, lakini ukitoa mchanga, mawe na nafasi ya juu isiyojazwa, maji halisi yanaweza kuwa lita 240. Njia ya uhakika ni kuhesabu ndoo unapojaza. Andika namba hiyo, maana vipimo vyote vya amonia vitaifuata.

Weka mchanga uliooshwa mpaka maji yake yatoke safi, panga mawe, kisha funga filta. Mawe ya matumbawe ya kale, yale ya kujengea nyumba za pwani, yanafaa sana kwa samaki hawa kwa sababu yana chokaa na yanashikilia pH juu. Kama hujui jiwe lako ni la aina gani, lidondoshee maji ya ndimu: likitoa povu dogo dogo, lina chokaa. Usivunje tumbawe hai baharini. Mabaki yamejaa kwenye machimbo.

Kuhusu filta, mimi napenda sponji kubwa mbili zinazoendeshwa na pampu ya hewa, hata kama una filta kubwa ya nje. Ni rahisi, bakteria wanakaa vizuri, na umeme ukikatika sponji inabaki ndani ya tangi kwenye maji yenye oksijeni. Filta ya nje iliyofungwa, umeme ukikatika kwa saa kadhaa, oksijeni ya ndani yake inaisha na bakteria wanaanza kufa, na umeme ukirudi uchafu ule wote unasukumwa kwenye tangi. Kwa mitaa yetu, pampu ya hewa yenye betri si anasa.

Maji ya bomba yana klorini, na klorini imewekwa kuua bakteria, pamoja na hawa unaotaka kuwalea. Maji yaliyokaa kwenye simtanki au ndoo wazi kwa saa 24 hadi 48 huku pampu ya hewa ikiyakoroga huwa yamepoteza klorini ya kawaida. Kama huna muda huo, tumia dawa ya kuondoa klorini inayouzwa kwenye maduka ya samaki wa mapambo; nyingi zake ni thiosalfeti ya sodiamu. Maji ya kisima yanahitaji uangalifu wa namna nyingine. Visima vingi vya ukanda wa pwani vina chumvi, na ukionja maji yakakuambia yana chumvi, usiyatumie.

Ukiwa Dar, Tanga au Mombasa, hita si lazima. Ukiwa Arusha, Mbeya, Njombe au Nairobi, unaihitaji. Iweke nyuzi 27. Chini ya nyuzi 20 bakteria wanakua kwa kusuasua, na wiki 6 zinaweza kuwa miezi 3.

Taa izime. Hakuna samaki wa kumtazama bado, na mwanga pamoja na amonia ni karamu ya mwani.

Hatua ya pili: nunua vipimo

Hapa usibane matumizi. Unahitaji vipimo vinne: amonia, nitriti, nitrati na pH. Vya matone vinaaminika kuliko karatasi za kuchovya, na chupa moja hudumu kwa vipimo vingi. Bila vipimo hujui chochote. Maji yenye sumu na maji salama yana rangi ile ile na harufu ile ile.

Kipimo cha amonia kinachouzwa kwa wafugaji husoma amonia yote, ile kali na ile isiyo kali. Ndiyo maana unasoma na pH pia. Kwenye kipimo cha nitrati, chupa ya pili ina unga unaotuama chini, na isipotikiswa kwa nguvu kabla ya kudondosha utasoma nitrati ndogo kuliko iliyopo. Watu wengi wanaosema tangi lao halina nitrati hawakutikisa chupa.

Hatua ya tatu: weka amonia

Amonia safi hupatikana kwenye maduka ya kemikali za maabara, ya maji au ya unga wa kloridi ya amoniamu. Ile ya kusafishia nyumba mara nyingi ina sabuni na manukato. Tikisa chupa, na povu likikaa juu, hiyo si ya tangi. Mbolea pia achana nazo, kwa kuwa nyingi zina vitu vingine usivyovihitaji.

Lengo ni miligramu 2 kwa lita. Amonia ya maji yenye nguvu ya asilimia 10 inahitaji mililita 2 kwa kila lita 100. Ya maabara yenye asilimia 25 inahitaji chini kidogo ya mililita 1 kwa lita 100. Kloridi ya amoniamu ni takriban gramu 0.6 kwa lita 100. Kwa hiyo tangi letu la lita 240 litachukua mililita 5 hivi za amonia ya asilimia 10. Pima kwa bomba la sindano la duka la dawa, bila sindano yake. Fungua dirisha, vaa glavu, weka mbali na watoto, na kamwe usiichanganye na jiki au dawa nyingine ya klorini: gesi inayotoka hapo inaharibu mapafu.

Mimina, acha pampu ikoroge kwa saa moja, kisha pima. Kama imesoma 1, ongeza kidogo. Kama imesoma 4, badilisha nusu ya maji. Usidhani ukizidisha ndipo utaharakisha. Kwenye pH ya juu, amonia nyingi huwadumaza wale bakteria wa hatua ya pili, na utakaa wiki kadhaa ukitazama nitriti isiyoshuka.

Ukikosa amonia kabisa, chukua kipande cha kamba mbichi, yule wa baharini anayeliwa, kifunge ndani ya soksi nyembamba, kining'inize ndani ya maji kioze. Inafanya kazi, ila harufu yake mtaisikia nyumba nzima na kiasi cha amonia hukitawali. Naiweka njia hii mwisho.

Hatua ya nne: leta mbegu

Kama kuna jambo moja la kufupisha safari, ni hili. Tafuta mtu mwenye tangi lililokomaa na samaki wenye afya, mwombe sponji iliyotumika, au angalau akamulie uchafu wa sponji yake ndani ya ndoo ya maji ya tangi lake. Huo uchafu wa kahawia umejaa bakteria unaowataka. Usafirishe ukiwa umelowa, ufike siku hiyo hiyo, uingie kwenye tangi lako. Kwa mbegu nzuri, wiki 5 zinaweza kuwa 2.

Angalia unapoichukua. Pamoja na bakteria unaweza kubeba maradhi, kwa hiyo tangi ambalo samaki wamekufa hivi karibuni au wana vidoa vyeupe liache. Chupa za dukani ni mbadala, lakini bakteria hawa hawatengenezi mbegu za kuvumilia shida, na chupa iliyokaa miezi kwenye rafu yenye jua huenda imebaki na maji matupu.

Hatua ya tano: pima, andika, subiri

Pima kila siku mbili, saa ile ile, na uandike kwenye daftari: tarehe, amonia, nitriti, nitrati, pH. Mfuatano wake kwa kawaida huwa hivi.

Siku za mwanzo amonia inakaa palepale, na wengi hukata tamaa hapa. Usimwage maji, usibadilishe kitu. Kati ya wiki ya kwanza na ya pili amonia inaanza kushuka na nitriti inajitokeza. Kila amonia inapofika chini ya 0.5, irudishe kwenye 2. Miligramu 2 za amonia hutengeneza zaidi ya miligramu 5 za nitriti, kwa hiyo ukiweka mara mbili tatu nitriti itapita uwezo wa kipimo na rangi itagoma kwenye zambarau iliyokolea. Kuanzia hapo weka amonia nusu ya kipimo kila siku ya pili au ya tatu, inatosha kuwalisha bakteria wa kwanza wasife njaa. Rangi ikikaa juu kabisa kwa wiki nzima, badilisha nusu ya maji. Bakteria hawaondoki na maji, wako kwenye sponji.

Awamu ya nitriti ndiyo ndefu na ndiyo inayochosha. Kisha siku moja unapima jioni ni zambarau, kesho yake ni buluu safi. Hushuka ghafla namna hiyo.

Jambo la kuangalia kipindi hiki chote ni pH. Kazi ya bakteria hula bikabonati ya maji, ile inayoshikilia pH, na ikiisha pH huporomoka. Ikienda chini ya 6.5 kazi inazorota, chini ya 6 inakaribia kusimama. Wenye mawe ya chokaa hawapati tatizo hili kirahisi. Wenye maji laini, kama ya Nairobi, wanalipata. Dawa yake ni bikabonati ya soda, ile ya kuokea. Si hamira, na si beking pauda. Kijiko cha chai kimoja kwa lita 100, yeyusha kwanza kwenye kikombe cha maji, mimina, pima kesho.

Hatua ya sita: mtihani wa saa 24

Tangi halijakomaa kwa sababu wiki 6 zimepita, wala kwa sababu maji yametulia. Limekomaa likifaulu mtihani huu: weka amonia mpaka 2, subiri saa 24, pima. Amonia iwe 0, nitriti iwe 0, nitrati iwe imepanda. Rudia kesho yake. Likifaulu mara mbili mfululizo, liko tayari. Nitriti ikibaki hata 0.25, endelea siku chache.

Uwezo huo ni mkubwa kuliko watu wanavyodhani. Lita 240 zikila miligramu 2 kwa lita kila siku, ni sawa na amonia inayotokana na karibu gramu 10 za chakula chenye protini asilimia 40. Kundi zima la Tropheus wachanga haliwezi kula hivyo kwa siku. Ndiyo maana unaweza kuwaweka wote kwa pamoja bila wasiwasi.

Hatua ya saba: siku ya samaki

Siku moja kabla, badilisha maji kwa wingi, asilimia 80 hata 90, maana nitrati itakuwa imepanda juu sana. Ishushe chini ya 20. Maji mapya yasiwe na klorini, na joto lake lilingane na la tangi. Pima pH ya maji walimokuja samaki na ya tangi lako. Tofauti ikiwa kubwa, waongezee maji ya tangi kidogo kidogo kwa saa moja kabla ya kuwaachia.

Kama samaki wamechelewa njiani, endelea kulisha tangi amonia, miligramu 1 kwa lita kila siku, na siku ya mwisho usiweke. Tangi lisilolishwa kwa wiki mbili si lile ulilolipima.

Siku ya kwanza usiwape chakula. Wiki ya kwanza pima amonia na nitriti kila siku, na ulishe kidogo, chakula cha mimea. Tropheus huvimba matumbo na kufa wakilishwa nyama nyingi wakiwa bado na hofu ya safari. Ukiona amonia au nitriti inafika 0.25, badilisha theluthi ya maji siku hiyo hiyo, usilishe kesho, pima tena. Na wakati wa kusafisha sponji ukifika, baada ya wiki kadhaa, ikamue ndani ya ndoo ya maji uliyoyachota kwenye tangi lenyewe, moja leo na nyingine baada ya wiki mbili. Usiipeleke bombani.